Kodi, Mafuta na Ikulu ya Marekani: Mgombea Ameshika Mpini au Makali?

Usiku wa Oktoba 16, 2012, katika Chuo Kikuu cha Hofstra jimboni New York, Rais Barack Obama na mpinzani wake katika uchaguzi, Mitt Romney, walisogeleana jukwaani hadi mtu angedhani watashikana mashati. Kilichowapandisha mori ni asilimia. Romney alisema uzalishaji wa mafuta kwenye ardhi ya serikali kuu umeshuka kwa asilimia 14. Obama akasema si kweli. Romney akarudia, Obama akakataa tena, na mamilioni ya watu waliokuwa mbele ya televisheni wakaenda kulala kila mmoja akiamini kwamba yule wa upande wa pili ni mwongo.

Ukweli ni kwamba takwimu ya Romney ilikuwepo, na msingi wa Obama wa kuikataa ulikuwepo pia. Mwaka wa fedha wa serikali kuu ya Marekani huanza Oktoba 1. Mwaka 2010 uzalishaji katika ardhi na bahari zinazomilikiwa na serikali ulikuwa umepanda. Aprili mwaka huohuo mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico, wafanyakazi 11 wakafa, mafuta yakamwagika baharini kwa miezi, na serikali ikasimamisha kwa muda uchimbaji wa kina kirefu. Mwaka 2011 ukawa na mafuta pungufu kwa karibu asilimia 14. Ukilinganisha 2011 na 2010, Romney yuko sahihi. Ukilinganisha 2011 na 2008, mwaka wa mwisho wa George W. Bush, uzalishaji ulikuwa umepanda, na Obama ndiye sahihi. Mtu akipanda ngazi sita kisha akashuka mbili, unaweza kuapa kwamba anashuka na jirani yako akaapa kwamba yuko juu ya alipoanzia, na nyote wawili msiwe na dhambi.

Nimeanza na ugomvi huu kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu kinachofanya midahalo ya urais kuhusu uchumi, kodi na nishati iwe migumu kufuatilia. Wagombea huchagua mwaka wa kuanzia hesabu. Huchagua kipande cha picha. Na zaidi ya yote, huongea kana kwamba wao ndio wameshika bomba, wakilifungua mafuta yanatiririka na wakilifunga yanakauka. Hapo ndipo pa kutazama kwanza, maana mambo mengi yanayobishaniwa jukwaani hayamo mikononi mwa rais, au yamo kwa sehemu ndogo tu.

Chukua mafuta hayohayo. Katika nchi nyingi duniani kilichoko chini ya ardhi ni mali ya umma, hata kama shamba la juu ni lako. Marekani haiko hivyo. Mwenye ardhi anaweza kumiliki hadi mafuta yaliyo chini yake, akayakodisha kwa kampuni na kulipwa mrabaha kila mwezi bila kumwomba rais chochote. Ardhi na bahari za serikali kuu hutoa kama robo tu ya mafuta yote ya nchi. Rais anaweza kugawa vitalu vya huko au kuvizuia, lakini hata kitalu kilichogawiwa leo huchukua miaka kabla ya kutoa pipa la kwanza, mara nyingi yeye akiwa ameshastaafu na anaandika kumbukumbu zake.

Sasa tazama mwendo wenyewe. Uzalishaji wa mafuta ghafi Marekani ulifika kilele mwaka 1970, mapipa milioni 9.6 kwa siku, kisha ukaporomoka pole pole hadi milioni 5 mwaka 2008. Baada ya hapo ukageuka kama samaki aliyepigwa mkuki: milioni 9.4 mwaka 2015, zaidi ya milioni 12 mwaka 2019, zaidi ya milioni 13 mwaka 2024, kiwango ambacho hakuna nchi imewahi kukifikia. Katika miaka hiyo Ikulu alikaa Obama aliyeonekana kuwa mpole kwa wanamazingira, Donald Trump aliyejitangaza rafiki wa wachimbaji, na Joe Biden aliyeingia akiahidi kuachana na mafuta hatua kwa hatua. Chini ya wote watatu uzalishaji ulipanda, au kwa usahihi zaidi, ulipanda wao wakiwa wamekaa. Kilichobadilisha mambo ni mafundi wa Texas na North Dakota waliojua kutoboa kisima kinachokwenda chini kisha kukata kona na kutambaa kwa kilomita kadhaa ndani ya mwamba, halafu kuupasua mwamba huo kwa maji, mchanga na kemikali chini ya shinikizo kubwa. Ufundi huo ulikutana na bei nzuri ya mafuta kwenye soko la dunia, na sehemu kubwa ya kazi ilifanyika kwenye ardhi za watu binafsi.

Bei ndiyo yenye maudhi zaidi, kwa sababu inasomeka kwa herufi kubwa kando ya barabara kila siku ya kampeni. Usiku uleule wa Hofstra, Romney alikumbusha kwamba Obama alipoingia madarakani galoni ya petroli eneo lile ilikuwa kama dola 1.86, na sasa imefika dola 4. Jibu la Obama lilikuwa kwamba bei ilikuwa chini kwa sababu uchumi ulikuwa ukingoni mwa shimo. Lilisikika kama kisingizio, lakini kalenda inamuunga mkono. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi liligusa dola 147 na wastani wa galoni nchini ukapita dola 4. Kufikia Desemba mwaka huohuo pipa lilikuwa chini ya dola 40 na galoni chini ya dola 2. Rais alikuwa yuleyule na sera zilikuwa karibu zilezile. Katikati yake benki ya Lehman Brothers ilikuwa imeanguka, viwanda vimepunguza kazi, meli zimetia nanga, na dunia nzima imeacha kuhitaji mafuta kama ilivyokuwa ikiyahitaji miezi mitano nyuma. Dunia hutumia mapipa kama milioni 100 kwa siku. Anayetaka kusukuma bei ya kitu hicho kutoka ofisini Washington ana kazi.

Ana kifaa kimoja cha haraka: ghala la dharura la mafuta, lililoanzishwa mwaka 1975 baada ya mataifa ya Kiarabu kusitisha mauzo yao mwaka 1973. Biden aliagiza mapipa milioni 180 yatolewe humo mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine. Ni mengi. Yagawe kwa matumizi ya dunia uone: hayafiki siku mbili.

Kwa maoni yangu somo zuri kuliko yote kuhusu kodi na nishati kwa pamoja lilitolewa majira ya kuchipua ya 2008, na karibu kila aliyelishuhudia amelisahau. Serikali kuu ya Marekani hutoza senti 18.4 kwa kila galoni ya petroli. Kiwango hicho kimekaa palepale tangu 1993, kwa sababu kiliandikwa kwa senti badala ya asilimia, na mfumuko wa bei umekuwa ukikitafuna kimya kimya tangu hapo. Fedha zake huingia kwenye mfuko wa barabara. Aprili 2008, bei zikipaa, John McCain wa Republican alipendekeza kodi hiyo isimamishwe majira yote ya kiangazi. Hillary Clinton, aliyekuwa akigombea tiketi ya Democratic, akalipokea wazo hilo na kuongeza kwamba pengo lizibwe kwa kuzitoza kampuni za mafuta zilizovuna faida nono. Obama peke yake akakataa.

Hesabu ya mwananchi ni fupi. Tangi la galoni 15 mara senti 18.4 ni dola 2.76. Hiyo ndiyo ahueni ya juu kabisa, ikiwa muuzaji atakupa yote. Lakini atakupa? Majira ya kiangazi Wamarekani husafiri sana na viwanda vya kusafisha mafuta hufanya kazi karibu na uwezo wao wote. Petroli haiwezi kuongezeka kwa wiki chache hata ukitaka. Ukiondoa senti 18 kwenye bei, watu watataka kuendesha zaidi kidogo, petroli ni ileile, na bei itajivuta kurudi karibu na ilipokuwa. Tofauti ni kwamba zile senti ambazo jana zilikwenda kujenga madaraja leo zimebaki kwa mwenye kiwanda. Zaidi ya wanauchumi 200 walitia saini barua ya kupinga. Clinton alipoulizwa kwenye televisheni ataje mwanauchumi mmoja anayemuunga mkono, alijibu kwamba hatajiweka upande wa wanauchumi. Lilikuwa jibu la kisiasa safi, na sishangai lilishangiliwa mahali fulani.

Kinachonipendeza katika kisa hiki ni Obama. Mwaka 2000, akiwa seneta katika bunge la jimbo la Illinois, aliwahi kupiga kura kusimamisha kwa muda kodi ya jimbo kwenye petroli. Akakiri kwamba alijifunza kutokana na jambo hilo kuwa unafuu haukumfikia mnunuzi kama ulivyoahidiwa. Mei 6, 2008 akaishinda North Carolina kwa kishindo na kupoteza Indiana kwa kura chache. Likizo ya kodi haikupita. Miaka 14 baadaye, Juni 2022, mtu aliyekuwa makamu wake, Biden, akaliomba Bunge lisimamishe kodi ileile, senti zilezile 18.4, kwa miezi mitatu. Bunge halikufanya hivyo, na wengi wa chama chake mwenyewe hawakuonyesha hamu.

Angalia neno hilo: akaliomba. Katiba ya Marekani imeweka mamlaka ya kutoza kodi kwa Bunge, na miswada ya mapato sharti ianzie Baraza la Wawakilishi. Rais anaweza kupendekeza, kubembeleza, kutisha na kupiga kura ya turufu. Hawezi kupunguza kodi ya mapato hata kwa senti moja kwa amri yake. Hivyo mgombea anaposema "nitapunguza kodi", maana yake ni kwamba ataenda kuliomba Bunge ambalo huenda likawa la chama kingine, lenye wabunge 435 na maseneta 100, kila mmoja na ahadi zake. George H. W. Bush aliahidi mwaka 1988, akiwaambia wajumbe wa chama chake wamsome midomo, kwamba hakutakuwa na kodi mpya. Mwaka 1990, nakisi ya bajeti ikivimba na Bunge likiwa la Democratic, alisaini makubaliano yaliyopandisha kiwango cha juu cha kodi ya mapato kutoka asilimia 28 hadi 31. Alichoahidi hakikuwa chake kutoa.

Pamoja na hayo, kodi ina uchawi wake mwingine unaotokana na namna inavyohesabiwa. Oktoba 2008, fundi bomba mmoja wa Ohio alimwendea Obama mtaani akamwambia anataka kununua biashara yenye mapato ya dola 250,000 hadi 280,000 kwa mwaka, na kwamba mpango wa kodi wa Obama utamkamua. Siku tatu baadaye, kwenye mdahalo wa mwisho, uliofanyika pia Hofstra, fundi huyo alitajwa zaidi ya mara 20. Taifa zima likapata picha ya mtu anayevuka mstari wa dola 250,000 na kukatwa kichwa.

Kodi ya mapato haina mstari wa namna hiyo. Fikiria ndoo zilizopangwa kwa ngazi: maji hujaza ya kwanza, yakifurika huingia ya pili, kisha ya tatu. Kila ndoo ina kiwango chake cha kodi, na kiwango cha ndoo ya juu hakigusi maji yaliyobaki kwenye zile za chini. Obama alitaka kwa familia kiwango cha juu ya dola 250,000 kipandishwe kutoka asilimia 33 hadi 36, na kile cha juu kabisa kutoka 35 hadi 39.6. Mwenye mapato ya kutozwa kodi ya dola 280,000 angeongezewa asilimia 3 kwenye zile 30,000 zilizofurika. Ni dola 900 kwa mwaka. Mwenye 250,000 kamili asingeongezewa kitu. Halafu kuna jambo ambalo jukwaani lilipita bila kugusiwa vya kutosha: mauzo si faida. Karakana inayouza huduma za dola 250,000 hulipa vifaa, gari, bima na wasaidizi kabla ya kufika kwenye kinachotozwa kodi.

Mwaka 2012 mchezo ukawa wa sifuri nyingi. Katika mdahalo wa kwanza, Denver, Obama alimshutumu Romney kwa mpango wa kupunguza kodi kwa dola trilioni 5. Romney akasema hana mpango wa namna hiyo. Kwa mara nyingine, kila mmoja alikuwa na nusu. Romney alitaka kukata viwango vyote vya kodi ya mapato kwa asilimia 20, na upunguzaji huo pamoja na mengine ya mpango wake ulifikia kama trilioni 5, kwa miaka 10. Wakati huohuo aliahidi kufidia kila dola kwa kufuta makato na misamaha, ila hakutaja ipi. Wachambuzi wa Tax Policy Center, taasisi ya utafiti wa kodi, walikaa na kalamu na kusema hata ukifuta kila msamaha unaowanufaisha matajiri, hesabu haifungi bila kuwaongezea mzigo watu wa kipato cha kati. Mimi nimejiwekea tabia: nikisikia trilioni kwenye kampeni, nauliza ni za miaka mingapi. Anayetaka kukutisha hukupa jumla ya miaka 10, na anayetaka kukutuliza hukupa ya mwaka mmoja.

Ahadi ya 2024 kuhusu bakshishi inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ilipendwa na pande zote mbili, na jambo likipendwa na pande zote mbili hakuna anayelikagua. Trump aliitangaza Las Vegas mwezi Juni: bakshishi zisitozwe kodi. Agosti, mpinzani wake Kamala Harris wa Democratic akaahidi kitu kinachofanana, naye akiwa Las Vegas. Haikuwa bahati kwamba wote walikuwa hapo. Nevada, jimbo lenye mji huo, ina wahudumu wa hoteli na kumbi za kamari kwa maelfu na ni moja ya majimbo machache yanayoweza kwenda upande wowote.

Tuwaweke watu watatu katika mgahawa mmoja, kwa viwango vya 2024. Mhudumu asiye na familia anapata dola 30,000 kwa mwaka, 12,000 kati yake zikiwa bakshishi. Toa makato ya kawaida ya 14,600, yaani sehemu ya kipato isiyotozwa kodi, zinabaki 15,400 za kutozwa kodi. Za kwanza 11,600 hutozwa asilimia 10, zinazofuata asilimia 12. Jumla dola 1,616. Ondoa bakshishi kwenye hesabu, zinabaki 3,400, na kodi inakuwa dola 340. Kaokoa dola 1,276. Nyuma ya mlango wa jikoni yuko mpishi anayepata dola 30,000 zilezile, zote mshahara. Yeye anaendelea kulipa 1,616. Na kuna mama anayelea watoto wawili peke yake, anahudumia zamu chache, kipato dola 20,000, nyingi zikiwa bakshishi. Makato yake ya kawaida ni dola 21,900. Hakuwa akidaiwa kodi ya mapato hata kabla, kwa hiyo ahadi haimpi chochote, ingawa ndiye aliyewekwa mbele kwenye picha za kampeni. Ahadi hiyo iliingia kwenye sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025, kwa sura ya makato yasiyozidi dola 25,000 kwa mwaka hadi 2028. Makato ya mshahara ya pensheni na bima ya afya ya wazee yameachwa yalivyo.

Kuna kodi moja ambayo rais ana mkono nayo kweli: ushuru wa forodha. Tangu 1934 Bunge limekuwa likimkabidhi rais vipande vya mamlaka yake ya biashara na mataifa ya nje, na sheria za 1962 na 1974 ziliongeza. Ndizo Trump alizotumia mwaka 2018 kuweka asilimia 25 kwenye chuma, 10 kwenye alumini, na ushuru mwingine mrefu kwa bidhaa za China. Kwa hiyo mwaka 2024 aliposema atatoza bidhaa zote za nje asilimia 10 hadi 20 na za China 60, alikuwa akiongelea kitu kilicho karibu na mpini kuliko ahadi nyingine zozote za kodi katika kampeni ile. Ubishi ulikuwa nani analipa. Trump alisema nchi za nje. Harris aliita kodi ya mauzo kwa mwananchi. Bandarini anayelipa ni kampuni ya Marekani inayoingiza mzigo, hilo halina mjadala. Baada ya hapo mzigo hugawanywa: kampuni inaweza kupunguza faida, kumbana muuzaji wa nje ashushe bei, au kumpelekea mteja. Uzoefu wa 2018 na 2019 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ilibaki ndani ya Marekani.

Nishati nayo huvutwa na ramani. Rais huchaguliwa na wajumbe 538 wa majimbo, na anayefikisha 270 ameshinda. Ndiyo maana taifa lenye watu zaidi ya milioni 330 hujikuta likijadili kwa kirefu mambo ya Pennsylvania, yenye wajumbe 19 na gesi nyingi ndani ya miamba. Harris alikuwa amesema mwaka 2019 kwamba anaunga mkono kupiga marufuku upasuaji wa miamba. Katika mdahalo wa Septemba 10, 2024, uliofanyika Philadelphia, mji mkubwa kuliko yote Pennsylvania, alisema hataupiga marufuku. Dakika zikaenda zikichunguza amegeuka lini na kwa nini. Swali ambalo lingefaa kutangulia ni kama rais anaweza. Kwenye ardhi ya watu binafsi, ambako sehemu kubwa ya uchimbaji wa Pennsylvania hufanyika, hawezi bila sheria ya Bunge. Vivyo hivyo mafuta ya magari yanayotengenezwa kwa mahindi yamekuwa na marafiki wengi miongoni mwa wanaotaka urais kuliko sayansi yake inavyostahili, kwa kuwa Iowa, shamba kubwa la mahindi, kwa miongo mingi ndiko mchujo wa wagombea ulikoanzia.

Nimeacha uchumi wenyewe mwisho, kwa sababu hapo ndipo lugha inapowapoteza watu wazima na akili zao. Kufikia uchaguzi wa Novemba 2024 serikali ya Biden ilisema mfumuko wa bei umeshuka, na ilikuwa kweli: kutoka asilimia 9.1 Juni 2022 hadi chini ya 3. Mwananchi akaenda dukani, akakuta mayai na pango la nyumba viko juu zaidi ya miaka minne iliyopita, akaona anafanywa mjinga. Naye alikuwa na haki. Mfumuko wa bei ni mwendo wa gari, bei ni mahali gari lilipofika. Dereva akipunguza mwendo kutoka 90 hadi 30, bado unazidi kwenda mbali na nyumbani. Ili bei zirudi zilikokuwa ingebidi gari lirudi kinyumenyume, jambo ambalo uchumi hufanya mara chache na kwa maumivu makubwa. Hakuna mgombea aliyewahi kulieleza hilo jukwaani kwa utulivu. Labda hakuna anayeweza, kwa dakika mbili.

Swali la Ronald Reagan la 1980 lilikuwa rahisi zaidi. Akiwa Cleveland, wiki moja kabla ya kura, aliwauliza Wamarekani kama hali yao ni bora kuliko miaka minne nyuma. Ni swali kali, na limemaliza marais. Ila linadhani kwamba aliyekaa Ikulu ndiye aliyepika chakula kilichopo mezani. Jimmy Carter, rais wa wakati huo, aliangushwa na mapinduzi ya Iran yaliyopandisha bei ya mafuta, pamoja na riba. Riba hizo zilipandishwa hadi kufikia asilimia 20 na Paul Volcker, gavana wa Benki Kuu ambaye Carter mwenyewe alimteua mwaka 1979 akijua anakuja kubana. Dawa hiyo ilimuumiza Carter, ikamuumiza Reagan katika miaka yake miwili ya kwanza, kisha ikafanya kazi. Mwaka 1984 uchumi ulikua kwa zaidi ya asilimia 7, mfumuko ukiwa kama asilimia 4, na Reagan akashinda majimbo 49.

Bush mkubwa hakuwa na nyota hiyo. Mwaka 1992 Bill Clinton alimzungusha nchi nzima kwa neno moja, uchumi, huku mwanamkakati wake James Carville akiwa amelibandika ukutani ofisini ili wafanyakazi wa kampeni wasilisahau. Mdororo ulikuwa umeanza Julai 1990, ajira zilikuwa zikisuasua, na rais aliyesema hali inatengemaa alionekana mtu asiyejua bei ya maziwa. Novemba 3, 1992 akashindwa. Marekani ina kamati ya wanauchumi wa taasisi ya utafiti ya NBER ambayo ndiyo hutangaza rasmi mdororo umeanza lini na umekwisha lini, nayo husubiri takwimu zote zitulie kabla ya kufungua mdomo. Desemba 22, 1992, wiki saba kamili baada ya kura, ikatangaza kwamba mdororo ule ulikuwa umekwisha Machi 1991. Bush alikuwa amebakiza siku 29 Ikulu.